Chuma cha kiti cha kinga: kitunze nyumbani kabla hakijakuangusha



Ukurasa huu husema mara nyingi juu ya kofia, buti na mawe yanayoanguka. Leo tunasema juu ya njia ya kwenda kazini na kurudi nyumbani. Ajali haijui saa ya kazi. Mtu anaweza kumaliza zamu yake salama, kapita akaandika jina lake, wote wakaagana vizuri, kisha akavunjika mfupa njiani kabla ya kufika mlangoni mwake. Kwa jamaa yake, hasara ni ile ile. Mkono uliovunjika barabarani haushiki sururu, sawa na mkono uliovunjika shimoni.

Hapa Kindu, wengi wetu tunakwenda kwa kinga. Kinga inatutoa Mikelenge mpaka Kasuku. Inalala ndani ya mtumbwi kuvuka mto kwenda Alunguli. Inapanda barabara ya Kailo na Kalima, na nyuma yake kuna mchele, mawese, sombe, mkaa, au mtoto mgonjwa anayepelekwa kwa monganga. Wakati wa vita vya miaka ya 1998 hadi 2003, treni ya kutoka Katanga iliposimama, watu walisukuma kinga siku nyingi porini ili chumvi na sabuni zifike. Kinga ni mali ya jamaa. Lakini mali isiyotunzwa hugeuka kuwa adui.

Watu wengi wanatunza pine, sheni na freni. Hiyo ni vizuri. Lakini kuna chuma kimoja ambacho karibu hakuna anayekitazama: chuma cha kiti, yaani lile bomba linaloingia ndani ya kadre na kubeba kiti juu yake. Uzito wako wote umekaa juu ya chuma hicho. Somo la leo ni namna ya kukifungua, kukisafisha, kukipima na kukirudisha wewe mwenyewe nyumbani, kwa muda wa saa moja.

I. TUCHUKUE MFANO

Baba mmoja mrefu amenunua kinga ya mtu mfupi. Kiti kiko chini, magoti yanamuuma. Anafungua bulon na kuvuta chuma cha kiti juu, juu tena, mpaka anajisikia vizuri. Hajui kwamba ndani ya kadre kimebaki kipande cha chuma cha urefu wa vidole viwili tu. Kila jiwe barabarani linapiga kiti, kiti kinasukuma chuma nyuma, na chuma kinapanua mdomo wa kadre kidogo kidogo. Siku moja, akishuka kilima na mfuko wa mchele nyuma, chuma kinachomoka au kadre inapasuka. Baba anaanguka kwa mgongo na kichwa. Mzigo unamfuata juu yake.

Kosa lilikuwa wapi? Si barabara, si mzigo, si bahati mbaya. Kosa lilianza siku ile alipovuta chuma bila kupima. Angetazama kwa dakika mbili tu, asingeanguka.

II. MAMBO MANNE YANAYOHARIBU CHUMA CHA KITI

1. Kuvutwa juu kupita kiasi. Vyuma vingi vya kiti vina mstari au alama iliyopigwa karibu na mwisho wa chini. Alama hiyo ina maana moja: isionekane nje ya kadre. Ikionekana, chuma kimetoka kupita kiasi. Kama alama imefutika, fuata kanuni hii: sentimita 7 za chuma zibaki ndani ya kadre kwa uchache, na 10 ni bora zaidi. Tena mwisho wa chuma upite chini ya mahali bomba la juu la kadre linapoungana na bomba la kiti.

2. Kutu. Mvua ya kwetu ni nyingi. Maji yanaingia kwenye ule mkato ulio nyuma ya mdomo wa kadre, yanateremka, yanakaa humo. Chuma na kadre vinashikana kwa kutu mpaka nguvu ya watu wawili haivitenganishi. Kama chuma cha kiti ni aluminiamu na kadre ni ya chuma, shida ni kubwa zaidi: madini hayo mawili yakikutana penye maji, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe, na unga huo unabana kama kabari. Wewe unayechimba madini unajua kwamba hayafanani tabia.

3. Vumbi na mchanga. Mvua zikipungua, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Likichanganyika na mafuta linakuwa kama msasa. Linakula chuma kila kiti kinapotikisika.

4. Kipimo kisicho sawa. Unene wa chuma cha kiti hupimwa kwa milimita na sehemu zake. Kuna cha 25.4, kuna cha 27.2, na vipimo vingine vingi. Tofauti ya nusu milimita jicho halioni, lakini kadre inaiona. Chuma chembamba hakikaziki vizuri. Wengine wanakizungushia kipande cha kopo, kisha wanakaza bulon kwa nguvu zote. Kopo linakatika, kiti kinazunguka, mtu anaanguka. Chuma kipya kinunuliwe kwa kipimo cha kile cha zamani. Nenda nacho sokoni mkononi, ulinganishe.

Tuongeze neno juu ya miti. Wanaosukuma mizigo mizito wana desturi ya kuondoa kiti na kuingiza fimbo ndefu ndani ya kadre, ili washike fimbo hiyo wanaposukuma. Akili hiyo inajulikana mbali. Huko Vietnam mwaka 1954, kwenye mapigano ya Dien Bien Phu, maelfu ya watu walisukuma mizigo kwa kinga zilizofungwa mianzi namna hiyo hiyo. Fimbo ya kusukumia ni chombo kizuri. Lakini isikae ndani ya kadre ikiwa imelowa, maana mti hunywa maji, huvimba na kupasua mdomo wa kadre. Tena fimbo ni ya kushikwa kwa mkono. Usifunge kiti juu ya mti ukakalia. Nondo ya kujengea nyumba nayo haifai, maana haijazi bomba la kadre na haikaziki.

III. VITU VYA KUTAYARISHA

Tafuta vitu hivi kabla ya kuanza, ili usiache kazi katikati:

- ufunguo unaolingana sawasawa na bulon ya kiti (koleo linakula kichwa cha bulon, usilitumie);
- vitambaa vikavu viwili au vitatu;
- burashi ndogo, hata ya meno iliyozeeka;
- kipande cha msasa laini;
- maji na sabuni, au petroli ya taa kidogo ndani ya kopo;
- grisi ya magari, kiasi cha kijiko kimoja;
- utepe au uzi wa kuwekea alama;
- rula au kamba ya kupimia.

Sikiliza vizuri juu ya kusafishia. Petroli ya taa inafaa kwa kuyeyusha grisi ya zamani. Esansi haifai, maana mvuke wake unashika moto hata mbali na jiko. Kazi hii ifanyike nje, penye hewa, mbali na moto, mbali na sigara, na watoto wadogo wasicheze karibu na kopo. Petroli ya taa isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya maji au ya soda, maana mtoto ataiona ni kinywaji. Ikitokea ameinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja.

Na mawese? Mawese ni chakula. Watu wanayapaka kwenye kinga kwa sababu yapo nyumbani. Siku za kwanza yanateleza vizuri, kisha yanaganda, yananata na kukusanya mchanga. Acha mawese ndani ya sufuria.

IV. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: weka alama. Funga uzi au utepe kwenye chuma cha kiti pale pale kinapoingia kwenye kadre. Ukimaliza kazi utakirudisha palepale bila kubahatisha. Tazama pia pua ya kiti inaelekea wapi.

Hatua ya pili: safisha nje kwanza. Pangusa mdomo wa kadre na ule mkato wake. Ukivuta chuma kabla ya kusafisha, mchanga wote utaanguka ndani.

Hatua ya tatu: legeza bulon. Ilegeze mpaka pete ya kukazia ilegee kabisa. Kisha shika kiti kwa mikono miwili, mtu mwingine ashike kadre. Zungusha kiti kushoto na kulia huku ukivuta juu. Usitikise kwenda mbele na nyuma, maana unapanua mdomo wa kadre. Chuma kikikataa, nenda kwenye sehemu ya V.

Hatua ya nne: safisha. Pangusa chuma kwa kitambaa chenye petroli ya taa au kwa maji ya sabuni. Kutu nyepesi iondoe kwa msasa, taratibu, mpaka chuma kiwe laini mkononi. Funga kitambaa kwenye kijiti, kiingize ndani ya bomba la kadre, kizungushe na kukitoa. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kama maji yamo ndani, pindua kinga, magurudumu yawe juu, maji yatoke. Acha vyote vikauke kabisa.

Hatua ya tano: tafuta nyufa. Hii ndiyo hatua inayookoa maisha, usiiruke. Peleka chuma penye mwanga wa jua. Tazama mahali patatu: pale kinapotokea kwenye kadre, pale kiti kinapofungwa juu, na mwisho wa chini. Pitisha ukucha polepole. Mstari unaokamata ukucha ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Tazama pia kadre kwenye mwisho wa ule mkato, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Chuma kilichopinda, chenye ufa, au kilichoungwa kwa moto hakirudi kwenye kinga. Mtu akikuambia, «Kiko sawa, nitakiunga tu,» mjibu kwamba chuma kilichoungwa huvunjika kando ya kiungo, na hakitoi taarifa.

Hatua ya sita: paka grisi. Paka kidogo na nyembamba kwenye sehemu itakayoingia ndani ya kadre, kisha paka ndani ya mdomo wa kadre na kwenye meno ya bulon. Grisi nyingi haina faida, inatoka nje na kukusanya vumbi. Kazi ya grisi hapa ni kuzuia maji na kutu, ili siku nyingine chuma kitoke bila vita. (Kama chuma cha kiti ni cha kaboni, kile chepesi cheusi cha kinga za mashindano, grisi ya kawaida haipakwi. Hicho mpe fundi anayekijua.)

Hatua ya saba: rudisha na kaza. Ingiza chuma mpaka kwenye alama yako. Nyoosha pua ya kiti ielekee mbele, sawa na bomba la juu. Kaza bulon kwa ufunguo wake, kwa mkono mmoja, bila kuongezea bomba kwenye ufunguo. Anayekaza kwa bomba huvunja bulon au hubana kadre ikapoteza umbo lake.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya barabara. Shika kiti kwa mikono miwili, kizungushe kwa nguvu. Kisiende. Kalia, inuka, kalia tena kwa uzito. Alama isishuke. Zunguka uwanjani dakika tano, kisha kaza tena kidogo. Sasa unaweza kutoka.

V. CHUMA KIKIKATAA KUTOKA

Subira inashinda nyundo. Ondoa bulon kabisa. Changanya petroli ya taa na mafuta mepesi ya mashine, mimina kidogo kuzunguka mdomo wa kadre na ndani ya mkato. Acha usiku kucha. Asubuhi ongeza. Jaribu tena kuzungusha ukitumia kiti chenyewe kama mkono wa nguvu. Kikisogea hata upana wa uzi, umeshinda: mimina mafuta tena, zungusha kwenda na kurudi, usivute tu.

Mambo matatu yamekatazwa. Usipashe moto kadre iliyomiminiwa petroli. Usipige chuma kwa nyundo kutoka pembeni. Na usisimamishe uso wako juu ya kiti unapovuta, maana chuma kikitoka ghafla kitakupiga meno au jicho. Siku tatu zikipita bila kusogea, mpelekee fundi wa kinga. Kumpelekea fundi si aibu. Shimoni pia kila kazi ina mtu wake.

Ukijikata kwa chuma chenye kutu, usicheke kidonda kwa kuwa ni kidogo. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, uende zahanati ukaulize juu ya sindano ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo vinakaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama, vinaingia kwa kidonda kidogo, na vinaua. Akina mama, mnajua chanjo hiyo tangu siku za mimba. Wakumbusheni akina baba kwamba na wao wanaihitaji.

VI. KITI KIWE JUU KIASI GANI?

Kiti kilichotunzwa lakini kikawekwa vibaya bado ni adui wa afya. Wengi wanalaumu kazi ya shimoni kwa maumivu ya magoti, na huenda sehemu ya maumivu inatoka kwenye kinga. Jipime namna hii.

Egemea ukuta ukiwa juu ya kiti. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kunyoosha kiuno. Basi, ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu kama inavyopasa, goti litabaki limekunjika kidogo. Hicho ndicho kimo chako.

Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, nyonga zinayumba huku na huku, na maumivu huja nyuma ya goti na kiunoni. Pua ya kiti ikiinuka juu, mwanamume anaweza kupata ganzi sehemu za siri. Ganzi hiyo si jambo la kuchekea wala la kuficha. Laza kiti kiwe sawa, shuka upumzike, na kama haiondoki mwone monganga.

Kwa anayebeba mzigo au mtu nyuma, tunashauri kushusha kiti kidogo chini ya kimo hicho, ncha za miguu ziguse ardhi akisimama. Kinga yenye mzigo huanguka zaidi inaposimama kuliko inapokwenda. Na mkishirikiana kinga moja, baba, mama na kijana, kila mtu awe na alama yake kwenye chuma: uzi mwekundu wa baba, mweupe wa mama. Kubadilisha ni kazi ya dakika moja tu, ikiwa chuma kimepakwa grisi. Kikishikwa na kutu, mama ataendesha kiti cha baba mwaka mzima, na magoti yake yatalipa.

VII. KITI KINACHOSHUKA CHENYEWE

Kwenye mteremko mkali, kiti kirefu kinamsukuma mtu mbele, juu ya gidoni. Akikishusha kwa sentimita 5 au 10, mwili unarudi nyuma na chini, na kinga inatulia. Waendesha kinga za milimani waliligundua jambo hilo zamani. Huko California, Marekani, mwaka 1984, Joe Breeze na Josh Angell walitoa springi iliyofungwa kwenye chuma cha kiti, iitwayo Hite-Rite: unalegeza, unakalia, kiti kinashuka, unalegeza tena, springi inakiinua. Leo kuna vyuma vya kiti ambavyo hushuka na kupanda kwa kubonyeza kijiti kilicho kwenye gidoni, bila kushuka barabarani.

Labda ndugu wa ng'ambo atakuletea kinga ya namna hiyo, au utaikuta kwa mgeni akikuomba msaada. Jua basi mambo haya. Ina bomba la nje lililokazwa ndani ya kadre, na bomba la ndani linalong'aa ambalo hupanda na kushuka. Kati yao kuna pete ya kufungia yenye mpira wa kuzuia vumbi. Ndani kuna springi au tungi dogo lenye hewa iliyobanwa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Pangusa bomba linalong'aa kila ukirudi, hasa baada ya tope. Kiti kikianza kupanda polepole, tazama kwanza kama bulon ya kadre haijakazwa mno, maana kadre ikibana bomba la nje, la ndani haliendi. Tazama pia waya kama hauna kutu wala haukukunjika. Kisha fungua pete ya juu, iinue, pangusa uchafu ulio chini ya mpira, paka grisi nyepesi kidogo sana, rudisha pete. Vikitoka vipande vidogo vya shaba vinavyozuia kiti kisizunguke, kila kimoja kirudi kwenye mfereji wake.

Usibane bomba linalong'aa kwa koleo wala kwa jiliwa, maana mkwaruzo mmoja utakata mpira. Usipitishe msasa juu yake. Usinyanyue kinga kwa kushika kiti kikiwa kimeshuka. Na lile tungi la hewa usilifungue kabisa. Hewa iliyobanwa ina nguvu kama ile ya mipira ya mashine za kutobolea mawe: ikitoka, inarusha chuma. Kazi ya tungi ni ya mwenye vifaa vyake.

Sisi wenye kinga za kawaida hatuna kijiti hicho, lakini tuna akili ile ile. Kabla ya mteremko mrefu, simama, shuka, sukuma kinga kwa miguu ikiwa una mzigo. Ukitaka kuendesha bila mzigo, shusha kiti kwanza, ukikaze vizuri kabla ya kuondoka. Chuma chenye grisi kinakuruhusu. Chuma chenye kutu kinakulazimisha kushuka vibaya.

VIII. KALENDA YA NYUMBA

Kila siku, kabla ya kupanda: zungusha kiti kwa mikono. Sekunde kumi tu.
Kila wiki: tazama alama ya uzi, ikiwa kiti kimeshuka au la. Kaza bulon.
Kila miezi mitatu, na mwezi mmoja mmoja wakati wa mvua nyingi: toa chuma, safisha, tafuta nyufa, paka grisi.
Kila mara kinga ikizama majini au ikilala ndani ya mtumbwi wenye maji: ipindue siku hiyo hiyo, usingoje.
Kila ukianguka: usipande tena kabla ya kutazama chuma cha kiti na gidoni.

Mpe kijana wako kazi hii, lakini mfundishe kwanza, umtazame mara mbili. Atakayejifunza leo kutafuta ufa kwenye chuma cha kiti, kesho atajua kuutafuta kwenye ngazi, kwenye mpini wa sururu na kwenye nguzo ya shimo. Jicho ni lile lile.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Alama iliyopigwa kwenye chuma cha kiti ina maana gani? Na kama imefutika, utaacha sentimita ngapi ndani ya kadre?
2. Kwa nini hatutumii mawese wala esansi?
3. Ukucha wako umekamata mstari kwenye chuma. Utafanya nini?
4. Maumivu yako mbele ya goti. Kiti kiko juu mno au chini mno?
5. Umejikata kwa chuma chenye kutu. Taja mambo matatu ya kufanya.

Waulizeni watoto pia, nao wawaulize ninyi. Jumapili hii, kabla jua halijawa kali, toeni kinga nje, leteni ufunguo na kitambaa, mtazame chuma cha kiti. Pengine mtakikuta kizima. Pengine mtaona alama imetoka nje ya kadre kwa vidole viwili, na hakuna aliyejua. Basi siku hiyo mtakuwa mmemrudisha mtu nyumbani salama kabla hajaondoka.

Njia njema, na zamu njema.